Gari Lililoingia Maji: Ulinunue au Uliache?



Kila sifa njema ni ya Allah (SWT), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, maneno haya niliyazungumza usiku mmoja baada ya Tarawehe, tukiwa tumekaa mkekani vijana kwa vijana. Nimeombwa niyaandike kwa ajili ya jarida letu, na nimeyaacha karibu vile vile nilivyoyasema.

Najua mwezi huu mmezoea mada za funga, zaka na Laylatul Qadr, na hizo zina wenyewe, masheikh wetu. Mimi ni mwanafunzi tu, nimekuja na mada ya gari. Hebu msicheke kwanza. Idd ikikaribia watu hununua magari. Kuna aliyerudi Uarabuni na akiba yake, kuna aliyepokea mchezo wa chama, kuna aliyelipwa malimbikizo ya mshahara. Na kwa familia zetu nyingi gari hununuliwa mara moja tu katika umri. Ukikosea kununua kanzu, umekosea kanzu. Ukikosea kununua gari, huenda umekula akiba ya mama, ada ya mdogo wako na heshima ya nyumba, yote kwa siku moja.

Basi nisikilizeni.

Kakangu alifanya kazi ya ulinzi Qatar miaka mitatu. Alirudi na shilingi 500,000 na nia moja: anunue Probox, awe anapeleka watoto shule asubuhi na kubeba mizigo ya watu mchana. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 akaona moja kwenye yadi hapa Mombasa. Bei shilingi 480,000. Nyingine za mwaka kama huo tulikuwa tumeziona kwa 620,000 na zaidi. Jeupe, limeng'aa, ndani linanukia waridi. Muuzaji akatwambia, "Shekhe wangu, hili lilikuwa la mama mmoja Nairobi, alikuwa analitoa sokoni tu na kulirudisha. Mwenyewe ana haraka ya pesa."

Kakangu alishashika mfuko. Mama ndiye aliyetuzuia. Alisema, "Mwanangu, waridi ni la Maulidi. Gari lanukiaje waridi? Nendeni na fundi."

Tukaenda na fundi wetu wa Changamwe, mzee wa watu, mtu wa maneno machache. Hakuwasha injini. Alifungua mlango wa nyuma, akaushika mkanda wa kiti akauvuta taratibu mpaka mwisho kabisa, ile sehemu ambayo hakuna abiria anayeifikia. Mkanda ulitoka mweusi, mweusi, kisha ukatoka na rangi ya udongo, na baina yake mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Akaenda buti, akainua tairi ya spea. Chini yake mchanga mlaini, mkavu, umetulia kwenye kona. Akalala chini akatazama reli za viti. Kutu. Halafu akasimama, akajipangusa mikono, akasema, "Wanangu, maji yalifika hapa," na akaweka kiganja chake juu ya kiti, pale mtu anapokalia.

Muuzaji hakubishana sana. Alicheka, akasema ni matope ya kuosha gari tu, kisha akashusha bei mpaka 400,000 papo hapo. Ndugu zangu, mtu anayeshusha shilingi 80,000 kwa sababu umevuta mkanda, amekwisha kukujibu.

Hatukulinunua. Lakini kuna jambo lilitokea tukiwa tunatoka getini ambalo ndilo lililonifanya nisimame mbele yenu. Nitalirudia mwishoni, Insha-Allah. Kwanza tuelewane juu ya maji yenyewe.

MAJI YANAFANYA NINI NDANI YA GARI?

Wengi tunadhani gari ni chuma, na chuma kikilowa kinakauka. Lakini gari la leo ni chuma kilichojaa waya. Chini ya zulia, chini ya viti, nyuma ya dashibodi, kuna mafungu ya waya na soketi, na ndani ya kila soketi kuna vichwa vidogo vya shaba. Maji yakiingia humo hayatoki kwa kuanika juani. Yanakaa, yanakula shaba pole pole, yanaacha kutu ya kijani. Ndiyo maana gari lililoingia maji laweza kuwaka vizuri siku unayolinunua. Baada ya miezi mitatu dirisha halishuki. Mwezi wa nne taa zinawaka zenyewe. Mwezi wa tano linazima katikati ya daraja la Nyali na wewe umebeba watoto wa watu.

Injini nayo ina hatari yake. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Injini ikivuta maji huku inazunguka, pistoni hukutana na kitu kisichokubali kubanwa, na konrodi hupinda. Wakati mwingine hupinda kidogo tu, gari likaendelea kutembea, hadi siku chuma hicho kitakapokatika na kutoboa injini. Giaboksi pia ina tundu la kupumulia, na maji yakipanda juu ya tundu hilo huchanganyika na oili ndani.

Lililo baya kuliko yote ni lile usiloliona kabisa: mifuko ya hewa na breki. Kompyuta ndogo inayoamuru mifuko ya hewa ifunguke wakati wa ajali, katika magari mengi imewekwa chini, katikati, karibu na mguu wa dereva. Hapo ndipo maji hufika mwanzo. Gari linaweza kutembea mwaka mzima bila mifuko hiyo kufanya kazi, nawe hujui mpaka siku ya ajali.

Magari yanayotumia petroli na umeme pamoja yanataka tahadhari zaidi. Toyota Aqua betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma. Nissan Note ya e-Power iko chini ya viti vya mbele. Yaani maji yakifika usawa wa kiti, yamefika kwenye betri yenye umeme mkali. Gari la namna hiyo likiwa limezama, ushauri wangu ni mfupi: liache.

Na maji si sawa yote. Maji ya mvua ni afadhali, ya mto yenye matope ni mabaya, na ya chumvi ndiyo kiama. Sisi watu wa pwani tunajua mabati ya nyumba iliyo karibu na bahari yanavyoisha. Gari lililoingia maji ya bahari halina mazungumzo, hata likipewa bei ya baiskeli.

YANATOKA WAPI MAGARI HAYA?

Hatuhitaji kwenda mbali. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilifunika barabara hapa hapa Mombasa. Kisha zikaja mvua za masika za 2024. Nairobi ilizama, Mathare watu walipoteza nyumba na roho, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yaliwakumba watu wa Mai Mahiu wakiwa wamelala. Nchi nzima zaidi ya watu 250 walifariki. Allah awarehemu. Katika msiba kama huo hakuna anayefikiria magari, na ndivyo inavyopasa. Lakini magari yaliyozama yalikuwepo, na baada ya maji kukauka yalikuwa na pa kwenda. Mengine wenyewe waliyatengeneza. Mengine kampuni za bima ziliwalipa wenyewe, kisha mabaki yakauzwa kwa zabuni kwa anayeyataka. Kuuza mabaki si kosa. Kosa ni pale mabaki yanapooshwa, yakatiwa zulia jipya na waridi, yakarudi sokoni yakiitwa "gari safi la mama mmoja".

Nje ya nchi nako kuna mvua. Tarehe 16 Aprili 2024 Muungano wa Falme za Kiarabu ulipata mvua kubwa kuliko zote tangu waanze kuweka rekodi mwaka 1949, na tuliona wote picha za magari yakielea Dubai. Tukumbuke kuwa baadhi ya magari ya Japani yenye usukani wa kulia hupitia Dubai na Sharjah kabla ya kushushwa bandari ya Mombasa. Japani yenyewe ilipata mafuriko makubwa Julai 2018 na kimbunga cha Hagibis Oktoba 2019. Sisemi kila gari lililotoka huko ni bovu, la hasha. Nasema swali la maji ni haki kuulizwa kwa kila gari, hata lenye namba mpya na karatasi za nailoni kwenye viti.

KAGUA HIVI

Nenda mchana, jua likiwa juu. Usiende usiku kwa taa za yadi. Nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi anayeletwa na muuzaji wala na dalali, na mlipe fundi huyo iwe umenunua au hukununua, ili asiwe na haja na jibu.

Kwanza, pua. Funga madirisha yote, kaa ndani dakika kumi, gari limezimwa. Harufu ya uvundo hurudi ikikosa upepo. Na manukato yakizidi kiasi, jiulize yanaficha nini.

Pili, mikanda. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, kama mzee wetu alivyofanya. Huu ni ukaguzi usiohitaji elimu wala chombo, hata mama anaweza kuufanya.

Tatu, zulia. Inua pembe ya zulia chini ya miguu ya dereva na ya abiria. Sifongo iliyo chini yake huweka unyevu na matope muda mrefu. Zulia jipya kabisa kwenye gari lenye usukani uliochakaa nalo lina hadithi yake.

Nne, vyuma vilivyofichika. Tazama reli za viti, boliti zinazoshika viti sakafuni, na vyuma vilivyo chini ya dashibodi. Hapa pwani kutu chini ya gari ni jambo la kawaida. Kutu ndani ya gari si kawaida.

Tano, taa. Angalia taa za mbele na za nyuma kama ndani yake kuna mstari wa udongo au ukungu wa maji.

Sita, oili. Chomoa kijiti cha kupimia. Ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa, kuna maji. Ikiwa ni mpya kabisa kote, injini na giaboksi, uliza kwa nini imebadilishwa yote kwa pamoja.

Saba, taa za dashibodi. Ukifungulia ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya mifuko ya hewa na ya breki lazima ziwake kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu huenda imeondolewa ili isikusemeshe.

Nane, mashine. Fundi alipime kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Lakini jueni kuwa makosa yaliyohifadhiwa humo hufutwa kwa kubonyeza tu. Kwa hiyo liendesheni nusu saa, AC ikiwa imewashwa, madirisha yapandishwe na kushushwa, kisha lipimwe mara ya pili.

KARATASI NAZO

Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Hiyo itakwambia mwenye gari ni nani, na kama kuna benki au mtu anayelidai. Lazima uipate. Ila usidhani kwa kuwa rekodi ni safi basi gari ni kavu. Umiliki ni jambo moja, na maji ni jambo jingine.

Ikiwa gari limetoka Japani moja kwa moja, omba karatasi ya mnada. Wakaguzi wa minada ya huko huandika hali ya gari, na gari lililoingia maji hadi juu ya sakafu huandikwa hivyo. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, wewe usipotee nayo.

Ulizia bima kabla ya kulipa, si baada. Ile bima ndogo ya lazima hulipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine. Gari lako halilipwi. Ukitaka bima kubwa, mwambie wakala ukweli wote juu ya gari, kwani ukificha leo watakuwa na sababu ya kukataa kulipa kesho.

Halafu, mkataba. Muulize muuzaji kwa mdomo, mbele ya shahidi, "Gari hili limewahi kuingia maji ndani?" Akisema halijawahi, mwambie, "Basi tuandike." Sentensi moja tu kwenye mkataba wa mauziano. Mkweli haoni uzito wa kuandika. Sheria ya Kenya ya kuuza bidhaa, Sura ya 31, humlinda anayenunua kwa mfanyabiashara, lakini ukishakagua mwenyewe haikulindi kwa kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi. Lakini mahakamani utaulizwa: alikwambia nini, na yako wapi? Maneno ya yadi hupeperuka. Karatasi hubaki.

SASA, ULINUNUE AU ULIACHE?

Kuna wanaosema gari lililoingia maji liachwe moja kwa moja. Mimi siendi mbali hivyo, kwa sababu nimewaona mafundi wetu wanavyofufua vitu. Mimi nasema kuna magari mawili: lililotangazwa na lililofichwa.

Lililofichwa, liache hata kama bei ni nusu. Aliyekuficha maji, hujui amekuficha nini kingine.

Lililotangazwa, unaweza kulifikiria, mambo haya yakikamilika. Maji yawe hayakuwa ya chumvi, na hayakupita usawa wa kiti. Gari lisiwe na betri kubwa ya umeme. Fundi wako awe amekubali kukupigia hesabu ya kila kitu, na punguzo la bei liwe kubwa kuliko hesabu hiyo. Pesa za matengenezo ziwe mkononi mwako siku ya kununua, zisiwe pesa unazotarajia gari lenyewe likuzalie. Hapa ndipo vijana wengi tunapoanguka. Na usipakie mtoto wa mtu kabla breki na mifuko ya hewa haijakaguliwa.

Kakangu alikuwa na 500,000 tu. Gari kwa 400,000, zinabaki laki moja. Fundi akamwambia, "Laki moja ni ya kuanzia. Ya kumalizia siijui." Hapo hesabu ikawa imekwisha. Mwenye pesa zinazoishia kwenye bei hana haki ya kununua matatizo, kwa sababu hana cha kuyatatulia.

Na kuna sharti moja zaidi, ndilo zito. Uwe tayari kumwambia atakayelinunua kwako. Kakangu, Allah amhifadhi, aliwahi kusema njiani, "Tungelichukua kwa laki nne, tukaliosha tena, tukaliuza tano na nusu, ingekuwaje?" Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona anahesabu. Sote tulihesabu.

Mnakumbuka yale tuliyosomeshwa madrasa, aliyoyasimulia Abu Huraira (RA) na yakapokewa na Imam Muslim? Mtume (SAW) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kuwa ni mvua. Mtume (SAW) hakumlaumu kwa mvua, maana mvua ni ya Mola. Alimuuliza kwa nini iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tulikuwa tunaihifadhi hadithi hii kwa sauti moja, tukitikisa vichwa, tukingoja kengele. Sikujua kuwa ni hadithi ya yadi ya magari. Ule mkono ulioingia kwenye nafaka na ule mkono wa fundi uliovuta mkanda vilitafuta kitu kimoja.

YALIYOTOKEA GETINI

Nilisema nitarudia. Tulipokuwa tunatoka yadini alikuwa anaingia kijana mmoja na mkewe, na mtoto mchanga mgongoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile Probox jeupe. Alipotuona tumetoka kwake, akamsalimia kakangu kwa adabu, akamuuliza, "Vipi kaka, mmelionaje?"

Muuzaji alikuwa amesimama hapo, anatutazama. Kakangu akatabasamu akasema, "Gari zuri, kaka. Sisi pesa zetu ndizo hazikufika."

Tukaondoka. Mimi sikusema kitu. Fundi alitutazama, naye akanyamaza. Kwenye matatu nikamuuliza kakangu kwa nini alisema vile. Akasema, "Nimharibie mtu biashara yake? Si ni kusengenya huko?" Nikaona ni jibu. Na mimi niliyesoma vitabu kumzidi nililikubali, kwa sababu lilinipunguzia mzigo.

Desemba ya mwaka huo huo tulikwenda gereji Changamwe kuchukua kipuri. Ile Probox ilikuwa juu ya jeki, zulia limetolewa, waya zimening'inia. Na yule kijana alikuwa amekaa juu ya tairi, uso ameushika kwa mikono. Alikuwa amelinunua kwa 430,000, sehemu ni mkopo wa sacco, sehemu mkewe aliuza dhahabu yake. Alilitumia wiki tisa. Alitutambua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nyinyi si ndio mlioniambia ni zuri?"

Wallahi ndugu zangu, nimefanya mitihani mingi chuoni, lakini swali lile sijapata kulijibu.

Kakangu alimwomba radhi palepale, akamweleza yote. Tukaenda naye kwa muuzaji. Muuzaji akatoa mkataba: "Limeuzwa kama lilivyoonekana." Sahihi ya kijana chini. Hakuna mstari wa maji, kwa sababu hakuna aliyemwambia aulize. Hakurudishiwa hata shilingi. Fundi alifanya kazi bila ujira, kakangu akachangia baadhi ya vipuri. Gari lilitembea tena, halikuwa gari la kubebea watoto. Mkopo bado uko palepale.

Baadaye nilirudi kwenye vitabu, nikiwa nimechelewa. Imam Nawawi ameeleza kuwa kumwonya mtu si katika kusengenya kuliokatazwa, na katika Al-Adhkar akasema kuwa mwenye kuijua aibu ya kitu kinachouzwa humlazimu kumbainishia mnunuzi asiyejua. Si muuzaji peke yake. Yeyote ajuaye. Na inasimuliwa kuwa sahaba Wathila bin al-Asqa' (RA) alimfuata mtu aliyekwisha kununua ngamia, akamuuliza anamtaka kwa nyama au kwa safari. Aliposema kwa safari, akamjulisha kuwa ukwato wake una tundu. Mnunuzi akamrudisha. Mwenye ngamia alikasirika kuwa ameharibiwa biashara yake. Tazameni basi, maneno ya kakangu yalikuwa ya kale kuliko sisi, na jibu lake lilikwisha kutolewa.

Kumwonya hakukuwa na ugumu. Hatukuhitaji kumtukana muuzaji. Ingetosha kusema, "Kaka, vuta mkanda wa nyuma mpaka mwisho, kisha amua mwenyewe." Maneno kumi tu.

Kakangu mwishowe alinunua Probox ya zamani zaidi, rangi imepauka, mlango mmoja umebonyea, kwa mwalimu mmoja aliyemwonyesha risiti za gereji za miaka sita. Haling'ai wala halinukii waridi. Kila asubuhi linabeba watoto tisa kwa zamu mbili, na mikanda yao ni misafi mpaka mwisho.

Ndugu msomaji, ukienda kununua gari, kagua. Usipokuwa na pesa ya kulitengeneza, liache. Ukiuza, sema. Na ukiona mwenzako anaingia mahali ulipotoka, nawe unajua, usitabasamu ukapita.

Tumwombe Allah (SWT) atupe rizki ya halali yenye baraka, atusamehe tulipoficha na tuliponyamaza, amfungulie yule ndugu yetu na mkewe mlango wa kulipa deni lao, na atutakabalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.